Wingu na Pango: Kuchagua Aina ya Mtoa Huduma za Kompyuta kwa Biashara

Neno wingu, kwa maana linayopewa siku hizi katika mambo ya kompyuta, limeingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, nalo limekuja pamoja na upungufu uliokuwamo katika lugha lilikotoka. Mafundi wa simu na wa mitandao walikuwa na desturi, wachorapo michoro ya kazi zao, ya kutia umbo la wingu mahali ambapo mambo ya ndani hayakumhusu msomaji wa mchoro: waya ziingie upande huu, zitokee upande ule, na yaliyo katikati waachiwe wenyewe. Alama ya kusema "haya hayakuhusu" ndiyo iliyokuja kuwa jina la biashara. Mwenye duka akiambiwa kwamba hesabu zake zi katika wingu, aghalabu hudhani kwamba haziko mahali popote, wala hazimo mikononi mwa mtu yeyote. Kumbe zimo katika nyumba ya saruji na chuma, katika nchi fulani yenye sheria zake, ndani ya mashine za mtu mwingine, naye hulipia pango kila mwezi.

Hilo la pango ndilo lifaalo kushikwa kwanza, kwa sababu maswali yote ya kumchagua mtoa huduma ni maswali ya mpangaji: ni nini hasa kinachopangwa, nani hutengeneza kikivunjika, na mpangaji atatokaje siku atakapotaka kuhama.

Fasiri inayotumiwa na wengi ni ile iliyotolewa Septemba 2011 na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani. Kwa ufupi, waraka ule wasema kwamba huduma huwa ya wingu ikiwa mteja aweza kujichukulia uwezo wa kompyuta mwenyewe bila kusubiri mtu amhudumie, kwa njia ya mtandao, kutoka katika akiba inayotumiwa na wateja wengi pamoja, akauongeza au kuupunguza kwa haraka, na kila alichokitumia kikapimwa. Amazon ilipoanza kuuza hifadhi ya data Machi 2006, na nguvu za kompyuta Agosti mwaka huo huo, lililokuwa geni si kukodisha, maana kompyuta zilikodishwa tangu zama za mashine zilizojaa chumba kizima. Geni lilikuwa lile la kupima kwa saa, kama maji na umeme, na kutokuwapo kwa mkataba wa miaka.

Waraka huo huo wagawa huduma hizi katika tabaka tatu, na pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wake tayari usiohitaji kuazimwa. Katika Mombasa na Malindi imekuwapo tangu zamani desturi ya nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha huyu, nyumba ni ya yule, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Ndivyo lilivyo tabaka la kwanza, liitwalo miundombinu. Mtoa huduma hutoa mashine, umeme, ubaridi wa kupoza mashine, na waya. Mteja hujenga juu yake kila kitu, tangu mfumo endeshi hadi programu ya mwisho, na paa likivuja ni lake. Tabaka la pili, jukwaa, ni nyumba iliyokwisha kujengwa: mpangaji huleta vyombo vyake tu, yaani programu aliyoiandika na data zake, na mwenye nyumba hushughulikia kuta na mabomba. Tabaka la tatu ni programu kamili, nalo lafanana zaidi na chumba cha hoteli. Barua pepe za ofisi, daftari la hesabu, orodha ya wateja, vyote hukutwa vimekwisha kupangwa. Mgeni hana ruhusa ya kusogeza kitanda, wala hatakiwi kujua mabomba yamepita wapi.

Mfano huu una mpaka wake. Mwenye nyumba bila ardhi, kiwanja kikiuzwa, alikuwa na majirani na wazee wa mtaa wa kumwombea. Mpangaji wa seva hana. Lakini wafaa kwa jambo moja kubwa, ambalo katika biashara nyingi halifikiriwi mpaka hasara iingie: ya kwamba kila tabaka lina mstari wake wa kugawanya wajibu, na kwamba bei ndogo ya tabaka la chini si unafuu ikiwa mteja hana fundi wa kubeba kilichoachwa upande wake wa mstari.

Mwezi wa Juni 2014 kampuni iliyoitwa Code Spaces, iliyokuwa ikiwahifadhia waandishi wa programu kazi zao, iliingiliwa na mhalifu aliyepata njia ya kufika katika ukurasa wa kusimamia akaunti yake kwa Amazon. Alidai fedha. Wenyewe walipojaribu kumtoa, alifuta data zao, mashine zao, na sehemu kubwa ya nakala za akiba, kwa kuwa vyote vilikuwa chini ya ufunguo mmoja. Kampuni ikafunga kazi. Mtoa huduma hakuharibikiwa na kitu: mashine zilifanya kazi, milango ilikuwa imara, na amri ya kufuta ilitekelezwa barabara kama ilivyotolewa. Kosa lilikuwa upande wa mpangaji, mahali ambapo mkataba ulisema tangu mwanzo kwamba ni pake. Biashara isiyo na mtu wa kutenga funguo, kutia programu viraka na kujaribu nakala za akiba, haina haja ya tabaka la miundombinu hata likiuzwa kwa nusu ya bei.

Baada ya tabaka hufuata swali la mtoa huduma mwenyewe, nalo ndilo lenye mambo mengi zaidi. Wako wakubwa watatu wa Marekani, Amazon, Microsoft na Google, ambao ghala zao zimeenea duniani na ambao huuza mamia ya huduma za kila aina. Nguvu yao ni upana na uimara; udhaifu wao ni kwamba mteja mdogo kwao ni namba, na maswali yake hujibiwa na kurasa za maelezo kabla ya kujibiwa na mtu. Wako watoa huduma wa nchi au wa eneo, wenye vituo vyao Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, ambao orodha ya bidhaa zao ni fupi lakini mteja aweza kwenda kubisha mlango. Kisha wako wasimamizi, ambao hawana ghala hata moja. Hao hupanga kwa wakubwa, wakampangisha mteja, na juu ya pango hutia ujira wa kumtunzia. Kuwaita madalali ni kuwapunja wale wanaofanya kazi yao kwa uaminifu, maana msimamizi mzuri ndiye fundi ambaye biashara ndogo haikuweza kumwajiri. Lakini swali la dalali lawahusu: akaunti imeandikwa kwa jina la nani? Ikiwa ni kwa jina la msimamizi, mteja siku ya ugomvi hana alichoshika.

Wa mwisho, nao ndio wengi kuliko wote, ni wauzaji wa programu kamili. Hapa lipo jambo ambalo wanunuzi hulipita bila kuliona: mara nyingi muuzaji wa programu naye ni mpangaji. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu katika mfumo wa majina ya anwani, kwenye eneo la Amazon lililoko kaskazini mwa Virginia, ilisimamisha huduma nyingi sana duniani kwa saa kadha, na miongoni mwa walioathirika walikuwamo watu ambao hawajapata kuwa na akaunti yoyote kwa kampuni ile. Walikuwa wamepanga kwa waliopanga. Kwa hiyo yafaa mnunuzi wa programu amwulize muuzaji, bila haya, mwenye nyumba wake ni nani. Na yule anayejidhani ana watoa huduma wawili kwa ajili ya usalama ahakikishe kwamba hawakai wote chini ya paa moja.

Kwa biashara ya Afrika Mashariki huongezeka mambo mawili ambayo vitabu vya Marekani havina sababu ya kuyataja. La kwanza ni fedha. Ankara za wakubwa aghalabu huhesabiwa kwa dola, na mauzo ya duka ni shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 123 za Kenya. Mwaka ulipokwisha ilikuwa takriban 156. Biashara iliyokuwa ikilipa dola 1,000 kwa mwezi ilijikuta inatoa shilingi 156,000 badala ya 123,000, pasipo kutumia hata chembe ya ziada. Ongezeko la zaidi ya robo halikuwamo katika ulinganisho wowote wa bei uliofanywa siku ya kuchagua. Mtoa huduma wa nchi anayetoza kwa shilingi huenda akaonekana ghali katika jedwali, na asiwe ghali mwaka ukiisha.

La pili ni umbali. Microsoft ilifungua vituo Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Hata hivyo kwa mtu wa Mwanza au Kisumu hiyo bado ni safari. Nuru hupita katika waya wa kioo kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivi kwamba kila kilomita 1,000 huongeza, kwenda na kurudi, kiasi cha milisekunde kumi hata mambo yakiwa mazuri kabisa. Kwa barua pepe hilo si kitu. Kwa programu ya kaunta ambayo kila kitufe huuliza seva ng'ambo mara ishirini kabla ya kutoa risiti, foleni ya wateja ndiyo itakayolihesabu. Tena waya hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika katika njia iendayo Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo seva iliyoko Cape Town ni nzima na data ni salama, na mwenye duka hawezi kuuza. Ndiyo sababu swali la kuuliza muuzaji wa programu ya kaunta si tu data zinakaa wapi, bali mashine ya dukani yaweza kufanya kazi kwa muda gani ikiwa peke yake, ikaja kusawazisha hesabu waya zitakaporudi.

Sheria nazo hufuata mahali na uraia. Kenya ilitunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na zote mbili zaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa upande mwingine, sheria iliyopitishwa Marekani Machi 2018 yazitaka kampuni zilizo chini ya mamlaka ya nchi hiyo kutoa data zilizo katika miliki yao zikidaiwa kwa amri halali, hata kama mashine zimewekwa nchi nyingine. Zahanati inayoweka majalada ya wagonjwa yapaswa kufikiri mara mbili hapo, na kumwuliza mwanasheria kabla ya fundi. Mwuza saruji anayeweka orodha ya magunia hana la kuhofu.

Kuhusu ahadi za uimara, maneno machache yatosha. Mkataba ukiahidi asilimia 99.9, umeruhusu kiasi cha dakika 43 za kusimama kila mwezi, ukiahidi 99.99, dakika nne na kidogo. Ahadi ikivunjwa, malipo ya kawaida ni kupunguziwa sehemu ya ankara ya huduma ile. Hasara ya mauzo yaliyopotea haimo. Asilimia hizo basi zasomwe kama kipimo cha fidia. Hazimwambii mtu kama kesho duka litafunguliwa.

Jambo zito kuliko hayo, na linaloachwa nyuma kuliko yote, ni la kuhama. Mwezi wa Septemba 2013 kampuni ya Nirvanix ya California, iliyokuwa ikiuza hifadhi ya data kwa biashara kubwa, iliwaambia wateja wake waondoe mali zao kwa muda wa takriban majuma mawili. Baadaye muda ukasogezwa hadi katikati ya Oktoba. Data nyingi zikipita katika mrija wa mtandao wenye upana wake, majuma mawili huenda yasitoshe hata kama mteja anajua pa kwenda. Hapo mdogo na mkubwa hutofautiana kweli: si rahisi mtoa huduma mkubwa wa dunia akafunga milango ghafula. Yeye hatari yake ni nyingine, kwamba kutoka kwake hugharimu. Mteja aliyejenga kwa vifaa ambavyo huyo peke yake ndiye anavyo, hawezi kuvibeba. Na kwa miaka mingi kuingiza data kulikuwa bure ilhali kuzitoa kulitozwa ada kwa kipimo. Ni baada ya Google kuanza Januari 2024, wakifuatwa na Amazon na Microsoft Machi mwaka huo, ndipo wakubwa hao walipoondoa ada ya kutoa data kwa mteja anayehama moja kwa moja. Umoja wa Ulaya uliliweka katika sheria, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, na ambayo imeweka tarehe 12 Januari 2027 kuwa mwisho wa kumtoza mteja kwa sababu ya kuhama. Mteja wa Arusha hana sheria hiyo ya kumlinda, hivyo yambidi aiandike mwenyewe katika mkataba.

Kwamba wenye akili wawili waweza kuchagua kinyume, na kila mmoja akawa na haki, yaonekana kwa Netflix na Dropbox. Agosti 2008 hifadhidata ya Netflix iliharibika, na kwa siku tatu kampuni haikuweza kupeleka filamu kwa wateja. Ikaamua kuhamia kwa Amazon, na ikachukua miaka saba, hadi Januari 2016, kwa kuwa haikutaka kubeba makosa ya nyumba ya zamani kuyapeleka katika nyumba mpya. Dropbox ilianza ikiwa mpangaji wa Amazon kwa mafaili ya wateja wake, kisha ikajenga maghala yake, na mwaka 2016 ikatangaza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya data hizo zilikuwa katika mashine zake yenyewe. Hati yake ya kuuza hisa ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba gharama za uendeshaji zilikuwa zimepungua kwa takriban dola milioni 75 katika miaka miwili. Tofauti ni katika kile kilicho kiini cha biashara. Kuhifadhi mafaili ndiyo bidhaa yenyewe ya Dropbox, na mzigo wake ulikuwa mkubwa na wa kutabirika. Hakuna mwuza maji anayependa kununua maji yote dukani. Hata Netflix, kwa lile lililo kiini chake, yaani kufikisha picha nyumbani kwa mtazamaji, ilijenga mtandao wake yenyewe, iliyoutangaza mwaka 2012. Iliyapanga mengine.

Kwa kipimo hicho, chama cha akiba na mikopo chenye wanachama mia nane na karani mmoja kitafanya vema kupanga chumba cha hoteli: programu kamili ya hesabu, kutoka kwa muuzaji anayeweza kuonyesha, kabla ya kutiwa saini, jinsi daftari zima litakavyotolewa katika faili la kawaida linalosomeka kwingine. Karani alitoe kila mwezi, alihifadhi ofisini, na mara moja kwa mwaka alifungue kuona kama lafunguka. Kampuni ya vijana waandishi wa programu yafaa ianze na jukwaa, maana saa zao ni adimu kuliko dola zao, na ihadhari na vifaa visivyo na mfano kwingine. Kiwanja kitupu ni cha mwenye mafundi wa zamu, mchana na usiku.

Hubaki suala la maneno ya mkataba, ambalo ni la wanafasihi na wanaisimu si pungufu ya mafundi. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kituo cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya lingine. Mpangaji mmoja alikuwa amelipia nakala za akiba, na mkataba ulisema kwamba nakala hizo zimetengwa kimaumbile na mashine yenye data za asili. Zilikuwa kituoni pale pale, zikaungua pamoja. Shauri lilifika mbele ya mahakama ya biashara ya Lille, na mwaka 2023 mahakama ikaamua kwamba nakala iliyo mahali pamoja na asili yake haikutengwa kama mkataba ulivyoahidi. Katika Kiswahili ugumu ni ule ule: kutenga kwaweza kuwa rafu nyingine, chumba kingine, jengo lingine, au mji mwingine, na kila mtoa huduma huchagua maana iliyo rahisi kwake. Mkataba utakaosema "katika jengo lisilopungua kilomita hamsini kutoka jengo la asili" hauhitaji hakimu wa kuufasiri, wala kamusi.